Bibi Aliyejibu kutoka Pangoni

Watu wenye adabu nyingi mno siwaamini. Kule sokoni Gikomba, nilikouza mitumba kabla sijaja Marekani, mteja aliyeniita "mamangu mpendwa" ndiye aliyeondoka na sweta mbili akiwa amelipia moja. Kwa hiyo siku mwanamke wa kamati alipoingia ile nyumba ya Pearland, kando ya Houston, akavua viatu mlangoni, akainama, akatoa boksi la keki lililofungwa kama zawadi ya harusi, mimi nilihesabu keki. Kisha nikazihesabu tena. Zilikuwa kamili. Hapo ndipo wasiwasi uliponishika sawasawa.

Hayo yalikuwa mwaka 2018, na hasira yake ninayo mpaka leo. Nimeambiwa kanisani niiweke chini. Nimeambiwa na mume wa rafiki yangu kwamba mambo ya Wajapani hayanihusu, mimi Mkamba. Nimewasikiliza wote, nikaamua kubaki nayo. Ni yangu, sikuikopa kwa mtu.

Nilikuwa nikimtunza mwanamke mzee, mjane, mzaliwa wa Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani. Akiwa msichana mdogo wa sokoni, aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, akaletwa Texas, akazaa binti mmoja, akazika mume. Nilimwita Obaa, jinsi mabibi wa kwao wanavyoitwa. Yeye aliniita Mchuuzi. Binti yake, ambaye ndiye aliyeniandika kazi, alifanya kazi katika hospitali moja ya zile kubwa za Houston. Aliondoka asubuhi na kombe la kahawa, akarudi jioni na kombe lilelile. Mimi nilikuwa nimetoka Haltom City, jirani na Fort Worth, nilikopanga maboksi ghalani mpaka mgongo ukanipa notisi.

Mimi na Obaa tulizungumza Kiingereza, kila mmoja chake, lakini kilichotuunganisha hasa ni kupatana bei. Mama yake aliuza tofu baada ya vita, na yeye alikulia chini ya meza ya kuuzia. Mle ndani hakuna kitu kilichopita bila mnada.

"Maliza supu," namwambia.

"Nusu."

"Robo tatu, na nakusamehe karoti."

"Nusu, na karoti unakula wewe."

"Obaa, huo ni wizi wa mchana."

"Soko limefungwa," anasema, anasukuma bakuli.

Kisha madaktari wakamkuta na saratani ya koo. Walisema wakilitoa koromeo lote ataishi, lakini hatasema tena. Binti alimweleza mezani, polepole, akimshika mkono. Obaa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sauti yote?"

"Yote, Mama."

"Hawawezi kukata nusu?"

Binti alilia. Mimi nilimtazama Obaa nikajua hakuwa anatania. Alikuwa anaulizia bei, na ameambiwa haipungui.

Ndipo alipoamua kusema. Kulikuwa na jambo alilolibeba tangu utoto ambalo hakumwambia mumewe wala bintiye. Kamati moja ya Wajapani wa Houston ilikuwa ikikusanya sauti za wazee walioiona vita, ili waziweke kwenye maonyesho. Walikuwa wameshampigia simu akawakatalia. Sasa alimwagiza binti awaite, na waje haraka, kabla ya siku ya upasuaji.

Kabla hawajaja, alinionjesha mimi jikoni. Tulikuwa tunakata karela, lile tunda chungu lenye manundu, ambalo watu wa kwao hulikaanga na mayai. Akaniambia kwamba shuleni kwao mwalimu alikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya kisiwa, badala ya Kijapani, alivishwa kile kibao shingoni. Alikivaa mpaka amnase mwenzake akiteleza, ndipo amhamishie. Watoto wa Okinawa walitakiwa wawe Wajapani safi, na usafi ulianzia mdomoni.

Niliweka kisu chini nikacheka mpaka nikatafuta kiti.

"Unacheka nini?" Alikuwa amekasirika.

"Obaa, hicho kitu nimekivaa."

Nikamweleza. Shuleni kwetu Machakos tulikiita diski. Chetu kilikuwa kifuniko cha mkebe wa rangi, kimetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Ukisema Kikamba uwanjani, unacho. Jioni wote waliopitiwa na diski siku hiyo walipanga foleni kwa mwalimu wa zamu mwenye fimbo, na hawakupanga kwa ajili ya maziwa. Kosa letu lilikuwa kusema kama mama zetu.

"Wewe ulikitoaje?" aliuliza, macho yamemwaka.

"Nilimkanyaga mwenzangu kidole. Mtu akikanyagwa ghafla hakumbuki Kiingereza."

"Sisi tulifinya," alisema Obaa. "Hapa." Akanifinya nyama ya chini ya mkono. Nilimwita mama yangu kwa Kikamba.

"Umeona?" alisema. "Bado inafanya kazi. Vaa."

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini nilipokuwa naosha sufuria, swali lilinikaa kooni: nani aliyekuwa akikiuza hiki kitu kwa jumla, kwetu na kwao?

Kesho yake alinipa kilichobaki. Vita ilipofika kisiwani alikuwa mtoto wa shule. Yeye, mama yake na bibi yake walijificha pangoni pamoja na watu wa kijiji, na nyuma kabisa mwa pango walikaa askari wa Kijapani. Wakati huo ilikuwa amri: anayesema lugha ya kisiwa ni mpelelezi wa adui, na mpelelezi anauawa. Lugha ile ile ya kuvishwa kibao sasa ilikuwa ya kupigwa risasi. Bibi yake hakujua nyingine. Kwa hiyo bibi alinyamaza siku zote za pangoni, kimya kabisa, akiomba maji kwa kidole.

Siku moja Wamarekani walifika nje na kipaza sauti. Kwanza ilisema sauti moja, kwa Kijapani kibovu, tokeni. Hakuna aliyejitikisa, walikuwa wameambiwa kwamba Wamarekani huchinja. Kisha ikaja sauti ya pili, na hiyo ilisema lugha ya kisiwa, kwa heshima wanayopewa wazee, tokeni bibi zangu, tokeni babu zangu, hakuna atakayewagusa. Alikuwa kijana wa ukoo wa huko huko, ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia Hawaii naye akaja vitani na jeshi la Marekani.

Askari mmoja kule nyuma alisema, atakayejibu nampiga. Obaa alisikia bunduki ikitayarishwa.

Na bibi akajibu. Baada ya kimya chote kile, alipaza sauti kwa lugha aliyokatazwa, akamuuliza yule kijana wa nje: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kijana akataja jina la babu yake na kijiji chake. Bibi akasema, huyo babu yake namjua, mtoto wa watu hawezi kutudanganya. Akasimama, akamshika Obaa mkono, wakatoka. Watu wakawafuata.

"Na askari?"

"Hakupiga. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda na yeye alikuwa na bibi."

Nilimuuliza ataisimulia kamati kwa lugha gani. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza supu hunywewa kwa sikio.

"Kiingereza changu ni cha dukani. Kijapani changu ni cha mwalimu. Bibi yangu hakujua hata kimoja. Nikimsemesha Kijapani, hatakuwa yeye."

Basi. Hivyo ndivyo mzigo ulivyokuwa, na mnajua thamani yake kama ninavyoijua mimi. Alibakiwa na majuma machache ya sauti, na alitaka bibi yake asikike akijibu jinsi alivyojibu. Hilo tu.

Sasa rudini sebuleni kwenye zile keki. Mwanamke wa kamati alikuwa wa makamo, nadhifu, anaishi mji wa Katy, na alikuja na bwana mmoja wa mitambo aliyebandika maiki kwenye blauzi nzuri ya Obaa. Obaa akaanza. Sielewi neno hata moja la lugha ya kisiwa, lakini sauti niliijua: nzito, ya chini, ina kokoto. Hakwenda mbali. Mwanamke aliinua mkono kwa upole, akasema kitu kwa Kijapani. Obaa akanyamaza. Mimi nikasimama.

"Tunamwomba tu atumie Kijapani cha kawaida," mwanamke alinieleza kwa Kiingereza, akitabasamu. "Vijana wa leo hawaielewi lahaja."

"Si mtaweka Kiingereza hata hivyo?"

"Ndiyo, tutatafsiri."

"Basi tafsirini kutoka kwa hiyo yake. Kiingereza kitajuaje kilikotoka?"

"Hatuna mtafsiri wa lahaja. Halafu, samahani, tungependa sauti zote za maonyesho ziwe na umoja."

Umoja. Neno hilo nalifahamu. Kule Gikomba lilitamkwa na mwenyekiti kila alipotaka tuchange.

Nilimpigia binti kazini. "Tafadhali," aliniambia kwa haraka, nyuma yake kengele za hospitali zikilia, "waache wafanye kazi yao. Wewe mwangalizie dawa tu." Kwa hiyo niliangalia dawa. Zilikuwa kwenye kikopo chake, kama nilivyoziacha.

Na Obaa akatii. Hilo ndilo linaloniunguza. Alikuwa mwanamke aliyemwomba punguzo hata daktari wa upasuaji, lakini kwa ule mkono mmoja ulioinuliwa alinyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya magoti, na sauti ikapanda ikawa nyembamba, ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu. Alisimulia yote hivyo. Nilijua alipofika kwa bibi, maana alivuta pumzi. Kisha bibi akajibu kutoka pangoni kwa sauti ya darasani. Mwanamke wa kamati alitoa leso akapangusa machozi. Sijawahi kutamani kumpokonya mtu leso kama siku ile.

Walipomaliza, alitoa karatasi ya ridhaa na kalamu. Hapo Mchuuzi alipata kazi.

"Obaa amechoka," nilisema. "Atatia sahihi siku nyingine."

"Ni hapa tu, mstari mmoja."

"Naona. Mkono wake ndio haujauona."

Waliinama, wakaondoka. Keki zilibaki. Obaa alikwenda jikoni akasimama mbele ya sinki bila kufungua maji.

"Nimemfanya bibi yangu aseme Kijapani," alisema. "Nimemvisha kibao. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Jioni hiyo, nikiwa nyumbani nimekaa na hasira kama mgeni asiyeaga, nilimpigia rafiki yangu wa Haltom City. Yeye ni Mrundi, anasafisha vyumba vya hoteli Fort Worth, na alikaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Nilimmwagia yote. Nilitegemea aniunge mkono.

"Dada," alisema, "mimi kambini walinihoji. Nikasema, nikasema, nikalia, nikasema tena. Mkalimani akageuka kwa yule mzungu akatoa maneno kama manne. Nikamwuliza, kaka, na yale mengine? Akaniambia, mama, hayo hayana kisanduku kwenye fomu."

"Na ukanyamaza?"

"Ningefanyaje? Yale manne ndiyo yaliyonikatia tiketi ya ndege. Wewe unafikiri Marekani nililetwa na ukweli wote?"

"Kwa hiyo nimwache Obaa?"

"Sijasema hivyo. Mimi nilikuwa natafuta pa kulala. Huyo bibi yako ana nyumba, ana gari, ana binti mwenye mshahara. Hataki kwenda popote. Anataka tu kusema. Sasa kama hata huyo hawezi kusema kwa mdomo wake, sisi wengine si bora tufunge duka?" Akacheka, yule mwanamke hucheka kwenye matanga. "Halafu niambie, sahihi wanayo?"

"Hawana."

"Ee, si uanzie hapo, mwanamke wa soko gani wewe?"

Nikaanzia hapo. Ukitaka robo, omba yote. Nilimpigia mwanamke wa kamati, na siku hiyo sikumwambia habari ya lugha. Nilimwambia kwamba Obaa amekataa kutia sahihi na anataka kila kitu kifutwe. Kisha nikangoja bei yake.

"Lakini yeye ndiye wetu pekee wa Okinawa," alisema.

"Basi itakuwa pengo kubwa."

"Ni kuhusu lahaja?"

"Mimi ni wa dawa tu. Lakini nasikia wakati mwingine wazee hubadili nia wakiombwa vizuri."

Alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza adabu ikapasuka kidogo nikaona mtu. "Tafadhali elewa. Ile sehemu ya askari kuwatishia wanakijiji kwa sababu ya lugha, ni ngumu. Kuna wageni wetu ambao babu zao walikuwa askari. Watu wanakuja kusikia habari za amani."

"Na huku kuna mtu ambaye bibi yake alikuwa bibi," nilimwambia. "Hatukuchagua mababu, dada. Wewe chagua siku."

Alichagua. Obaa angesema upya, kwa lugha yake, tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo ingewekwa kwenye maonyesho. Nilimrudia masharti mara mbili, akayakubali mara mbili. Alipata hata mwalimu mzee wa Okinawa wa kuwatafsiria kwa simu. Kumbe mtafsiri yupo. Alikuwa amekosa tu kutafutwa.

Siku ya pili Obaa hakuvaa blauzi nzuri. Alivaa sweta yake ya jikoni. Koo lilikuwa limeanza kumkaba, alikatiza kila mara anywe maji, lakini ile sauti ya kokoto ilikuwa pale, na alipofika kwa bibi hakuvuta pumzi. Aliita. Yule bwana wa mitambo aliruka akapunguza kitu kwenye mashine yake. Ukuta wa sebule ulisikia, majirani walisikia, mbwa wa ng'ambo ya barabara alijibu. Kisha akatia sahihi, herufi kubwa, akanirudishia kalamu kama anayenirudishia chenji.

Wakamfanyia upasuaji majuma mawili baadaye. Alipoamka alikuwa na tundu shingoni la kupumulia, na nesi, dada mmoja wa kutoka Kisii, alimletea kibao cheupe cha kuandikia na kalamu yake. Kilikuwa na kamba, ili mgonjwa akivae shingoni asikipoteze. Obaa alikitazama. Akanitazama mimi. Nilikata ile kamba kwa mkasi wa bendeji kabla nesi hajamaliza maelezo.

"Wee dada! Hiyo ni mali ya hospitali!"

"Kibao chenu hicho hapo, kizima. Kamba andikeni imepotea."

Obaa aliandika neno lake la kwanza: SAWA.

Maonyesho yalifunguliwa mwaka uliofuata, katika ukumbi mmoja wa Houston wenye baridi ya friji. Binti aliomba ruhusa kazini, akatuendesha. Picha zilikuwa ukutani, watu walitembea wakinong'ona kama wako kwa maiti, na kila mzee alikuwa na kiti chake, kitufe, na hedifoni. Tukakuta kiti cha Obaa. Nilimvalisha hedifoni, nikabonyeza kitufe, nikamtazama uso.

Alisikiliza kidogo, akazivua, akaniwekea mimi.

Nilisikia msichana. Kiingereza safi, sauti ya asali, ile inayokuambia kwenye simu kwamba simu yako ni muhimu kwao. "Nilikuwa mtoto mdogo," ilisema. Na chini yake, mbali sana, kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili, nilimsikia Obaa. Kokoto zake zilikuwa zimefagiliwa zikawa vumbi. Nilisubiri bibi. Bibi alipofika, alijibu kwa Kiingereza cha asali, na lile jibu lililomfanya mbwa wa jirani kubweka likapita chini kama gari linalopita barabarani.

Walikuwa wameitimiza ahadi, mnaona? Lugha ya kisiwa ilikuwa imo, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimepatana kurekodiwa. Kumbe kusikika ilikuwa bidhaa nyingine, iliyofichwa chini ya meza.

Mwanamke wa kamati alikuwa karibu na meza ya chai. Nilimfuata, na sikushusha sauti.

"Nani huyo anayesema juu yake?"

"Ni mwigizaji wa kujitolea. Ni utaratibu wa kawaida kwa wageni..."

"Huyu mwanamke sauti yake iko mle tu! Hana nyingine! Hapa shingoni ni tundu! Mmeichukua ya mwisho kabisa mkaikalia!"

Watu waligeuka. Mwanamke alishika kikombe kwa mikono miwili. Na mimi nilikuwa bado nina maneno, nilikuwa na gunia zima, lakini nyuma yangu binti alikuwa amevaa hedifoni. Alisimama palepale, kiganja kimoja kimebana sikio, akijaribu kumsikia mama yake chini ya yule msichana. Kwa mwaka mzima hakuwa amesikia ile sauti.

Alizivua. "Pale anapopiga kelele," aliniuliza, "anasema nini?"

"Kwani hujasikia Kiingereza?"

"Nataka kujua anasema nini yeye."

"Muulize."

"Hawezi kuongea."

"Anaweza kuandika. Ulimwuliza lini?"

Maneno makali, najua, kwa mtu anayekulipa. Alivuta kiti akakaa kando ya Obaa, wakainamia kile kibao, mmoja akiandika, mwingine akisoma, akifuta kwa kiganja, akimrudishia. Sikusogea karibu. Mimi nilikuwa na biashara.

"Toeni Kiingereza," nilimwambia mwanamke wa kamati. "Chote. Wekeni maandishi kwenye karatasi."

"Hakuna atakayekaa kusikiliza asichokielewa."

"Yeye alikaa darasani akisikiliza asichokielewa. Akavishwa kibao juu yake."

"Naweza kupunguza kidogo sauti ya juu."

"Kidogo hatuuzi."

Nilikuwa nashinda. Nawaambia, namjua mteja anapoanza kuangalia mlango. Ndipo Obaa alipokuja kati yetu na kibao chake, ameshikwa mkono na binti. Alikuwa ameandika: PALE BIBI ANAPOJIBU TU. HAPO MSICHANA ANYAMAZE.

"Obaa, hapana," nilimwambia. "Hiyo ni bei ya kutupa. Tunapata yote, ngoja."

Alifuta, akaandika: NIMECHOKA KUSIMAMA.

"Hilo tunaweza," mwanamke alisema, haraka. Haraka mno. Muulize mchuuzi yeyote: mteja akikubali kabla hujameza mate, umeuza kwa hasara. Alimwita bwana wa mitambo, akainama mbele ya Obaa, chini zaidi ya siku ya keki. Labda aliona haya kweli. Mimi sikumwinamia.

Ndani ya gari sikusema na Obaa mpaka tulipofika Pearland. Naye hakusema na mimi, lakini yeye alikuwa na sababu.

Tulirudi juma lililofuata, sisi wawili, kuhakiki mzigo. Kitini pa Obaa alikuwa amekaa mwanamume mmoja mnene wa kofia, hedifoni masikioni, anatikisa kichwa kwa huzuni ya heshima. Tukasimama nyuma yake kusubiri zamu. Mara akakunja uso. Akazigonga hedifoni kwa kidole. Akazivua, akazitikisa, akapuliza upande mmoja, akainua mkono kumwita mhudumu.

"Hizi zimeharibika," alisema. "Kiingereza kimekatika."

Kutoka kwenye hedifoni mkononi mwake, dogo lakini peke yake, bila mtu juu yake, lilitoka lile jibu la bibi. Obaa alinishika mkono wa sweta. Mwanamume alikuwa angali anamtafuta mhudumu kwa macho, na alipozivaa tena msichana wa asali alikuwa amesharudi.

"Ah, imepona," alisema.

"Haikuharibika," nilimwambia.

"Samahani?"

"Umepitwa na kitu kimoja tu ulichokuja kusikia." Nilinyoosha mkono juu ya bega lake nikabonyeza kitufe. "Unaanza upya."

"Mama, mimi nimeshasikiliza karibu yote..."

"Unaanza upya," nilisema, nikasimama nyuma ya kiti chake, Obaa upande wa pili, mpaka akakaa sawa akavuta kofia chini.